Siku ya Maji Mafu

Boma la mtoni, 14 Agosti 1915

Kwa dada yangu Raheli binti Matonya, Mkonze.

Shikamoo dada. Mpe Mama salamu yangu ya mbukwa, umpigie kelele sikioni kwa sababu najua atajifanya hasikii. Mimi ni mzima, ila nyayo zimebabuka. Tulishuka kwenye garimoshi, tukatembea siku kumi na moja, na juzi ndipo tukafika. Jina la mahali hapa nimekatazwa kuliandika. Hata ningeliandika lisingekusaidia, maana sijasikia Mgogo aliyefika huku kwa hiari yake.

Boma liko ukingoni mwa mto. Lina kuta za mawe na mizinga miwili inayotazama maji. Upande wa nchi kavu hakuna ukuta, ndiyo sababu tumeletwa sisi wachimbaji. Manowari za Waingereza zinaonekana kwa mbali huko mdomoni mwa mto, nazo hazijasogea. Bwana Mkubwa, Mjerumani wetu, anasema haziwezi kupanda.

Sasa nikueleze huu mto, nawe usinicheke. Una maji juu, si chini ya mchanga. Asubuhi unakwenda baharini, mchanga unabaki mtupu hata unaweza kulisha mbuzi. Mchana unarudi nyuma, unapanda ulikotoka, na maji yake ni ya chumvi. Nimesimama kuutazama mpaka shaushi wa askari akanipiga teke. Kuna mzee mwenyeji, Mbwana, rubani wa mto, ndiye anayejua njia zake. Anasema mwezi ukiandama maji hupata wazimu hivi, lakini baada ya siku chache yatakufa. Nilifurahi kusikia hivyo.

Ahsante kwa kumpokea Zaitun hapo nyumbani. Mumewe Zaidi nachimba naye kila siku, na usiku tunalala ubavu kwa ubavu. Jana amesali Idd, akala mhogo kama sisi wengine, akasema ni pilau. Anamsalimu mkewe sana. Anaogopa utamlisha mlenda mpaka asahau kwao Kondoa.

Mdogo wako,
Nikodemo


Mkonze, 11 Septemba 1915

Mdogo wangu Nikodemo,

Marahaba. Tumepokea barua yako nasi hatujambo, isipokuwa Mama anakohoa na mbuzi wawili wamekufa kwa ukame. Mama nilimsomea habari za mto mara tatu. Mara ya kwanza alisema umelewa. Mara ya pili akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Mara ya tatu akauliza, "Sasa mto ukirudi nyuma, mtu aliyesimama katikati anafanya nini?" Nikamwambia nitakuuliza.

Barua yenyewe ilikuja imefunguliwa. Karani wa boma la Dodoma aliniita akaniuliza ni maji gani haya yanayopata wazimu na kufa. Tangu vita vile vya Maji Maji wakiliona neno hilo mara nyingi katika karatasi moja wanatafuta bunduki. Nikamwambia, bwana, ndugu yangu ni Mgogo, ameona mto, mvumilie tu. Akacheka, akanipa.

Hapa korongo ni kavu. Mimi na Zaitun tunachimba maji mchangani siku moja baada ya nyingine, na shimo sasa limempita mtu kimo. Yeye ni mwepesi, anaingia, mimi nakaa juu na kamba. Aliniuliza kama siogopi jua nikakimbilia kivulini. Nikamwambia sheria yetu: aliye juu haondoki, hata simba apite. Mimi mjane, Nikodemo, nimemzika Gideoni, na tangu afe sijapata mtu wa kukaa naye shimoni na juu ya shimo. Huyu binti wa watu ameipa nyumba yangu sauti.

Kila garimoshi likipiga honi anajitanda ushungi wake, anatembea mpaka stesheni, anawatazama wanaoshuka. Kisha anarudi kusaga uwele. Mwambie Zaidi aandike hata mstari mmoja kwa herufi zao za Kiarabu, huyu anazisoma. Hizi zetu hazijui.

Dada yako,
Raheli


Kambini, 6 Oktoba 1915

Dada Raheli, shikamoo.

Natumaini hamjambo, na kikohozi cha Mama kimekwisha. Mimi ni mzima. Boma halipo tena, nasi tuko mwendo wa siku tisa kutoka mtoni.

Walikuja pande mbili. Jumatano ya tarehe kumi na nane Agosti askari wao walitokea nyuma yetu, upande wa nchi kavu, wakakalia kisima. Kisima kilikuwa nje ya boma, hatua mia tatu, na pipa la ndani lilitobolewa na risasi siku hiyo hiyo. Tukawa tumekaa kando ya mto mpana kuliko Mkonze yote, na hakuna cha kunywa. Watu walilamba umande kwenye mitutu ya mizinga.

Ijumaa manowari mbili ndogo zikapanda mto, zikivuta mashua zimejaa watu. Mizinga yetu ilikuwa imelengwa kwenye mkondo wa meli kubwa, na hizi ndogo zikapita pembeni. Huku wa majini wanapiga, wa nchi kavu nao wakaanza. Ukuta wa mtoni ulianguka adhuhuri. Mimi siku hiyo nilikuwa na kazi mchangani, nikakimbia kuingia ndani tarumbeta ilipolia. Jioni tuliobaki tulitoka kwa kupita kwenye matete, maji ya kifuani, tukiwaacha majeruhi.

Huku kambini kuna baridi asubuhi. Uwele mmeshaandaa mbegu? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa? Niandikie habari ndogo ndogo, hizo ndizo ninazozitaka. Mwambie Mama namfikiria kila ninapolala, naye ndiye anayenitembeza.

Nikodemo


Mkonze, 30 Oktoba 1915

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu kwa uzima wako. Ng'ombe amezaa dume. Mbegu ipo. Mama yuko kivulini nyuma ya zizi, magoti hayamsumbui tena. Anakusalimu.

Nilimsomea Zaitun barua yako huku amekaa kwenye jiwe la kusagia. Nilipofika mwisho alingoja, akidhani nageuza karatasi. Kisha akasema, "Dada, hakumtaja." Nikaisoma tena kimya kimya, na kweli, umetaja mizinga, pipa, matete na pembe ya ng'ombe, lakini mtu uliyelala naye ubavu kwa ubavu hukumtaja.

Nikodemo, yuko wapi Zaidi?

Nakueleza kwa nini nauliza, usidhani ni maneno ya wanawake. Kaka yake Zaidi, Shaaban, amekuja kutoka Kondoa. Ni mtu mpole, amesoma dini, hakuja kwa ubaya. Anasema kama ndugu yake amekufa, mke akae eda miezi minne na siku kumi, asijipambe, asitoke, ndivyo mjane anavyomlilia mumewe kwao. Na siku hizo huhesabiwa tangu siku aliyokufa, si siku habari ilipofika. Kama yu hai, basi mke angoje na atunzwe. Lakini lazima mtu aseme. Tulikwenda boma. Karani ana majina ya askari waliokufa. Majina ya wachimbaji hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo huyu mwanamke hajui alie au apike. Usiku namsikia anaanza kulia, halafu anajizuia, akiogopa kumtabiria mumewe kifo. Mimi nilipofiwa nililia mpaka nikachoka, na ule uchovu ndio ulioniponya. Yeye hata hilo hana.

Ili asikae akitazama ukuta nimeanza kumfundisha herufi zetu. Ameshafika M. Anaichora kwa kidole kwenye unga.

Raheli


Kambini, 22 Novemba 1915

Dada, shikamoo, na Mama pia.

Barua yako imefika. Mimi ni mzima na chakula cha hapa ni kizuri sana. Tunapata ugali wa mihogo mwingi, laini, mtu anashiba. Mawingu yameanza kukusanyika, bila shaka na huko hivyo.

Kuhusu Zaidi, siku ile watu walitawanyika, kila mtu na njia yake. Wako waliochukuliwa mateka na zile mashua. Inawezekana naye ni mmoja wao. Nimesikia mateka wanapelekwa Unguja na wanatunzwa vizuri. Mwambie shemeji asikate tamaa.

Sina zaidi. Kweli ugali wa hapa ni mzuri.

Nikodemo


Mkonze, 18 Desemba 1915

Mdogo wangu Nikodemo,

Hatujambo. Mvua ya kwanza imenyesha, tumepanda. Mama yuko pale pale.

Nilimsomea Zaitun maneno yako. Sijapata kuona mtu akibadilika hivyo. Alisimama, akaenda kuosha uso, akarudi na kusema, "Basi yuko Unguja, anakula samaki." Amemrudisha Shaaban Kondoa kwa adabu, akimwambia atangoja hata vita viishe na vingine vianze. Amemwagiza atume hina. Sasa anaimba akisaga. Jana alinitania kwamba Mgogo akioga mvua inakatika, nikamrushia ufagio. Nyumba hii haijacheka hivi tangu Gideoni.

Herufi amezimaliza. Anaunganisha. Juzi alisoma neno "mbuzi" peke yake akashangilia kana kwamba amemzaa.

Sasa nikuambie jambo lako na langu. Ulipokuwa mtoto ulimwachia ndama wa jirani akaingia mtamani. Baba alipokuuliza, ulimjibu kwamba uji wa siku ile ni mtamu. Ulipovunja kibuyu cha bibi, ulisifu maharage. Mimi ndiye niliyekulea, Nikodemo. Barua yako fupi imesifu ugali mara mbili.

Sikumwambia Zaitun. Nilimtazama anavyoimba nikakosa moyo, na sasa kila siku anayocheka nami nimo ndani ya uongo wako. Kama una la kusema, liseme kabla hajazoea furaha hii. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeitembea hapa siyo wewe, ni yeye.

Raheli


Kambini, 12 Januari 1916

Dada,

Barua hii isome peke yako, kisha uamue utamwambia nini shemeji. Siipeleki posta. Nampa Yoramu wa Mvumi, anayerudishwa kwao kwa homa, akufikishie.

Asubuhi ile ya Ijumaa, siku ya tatu bila maji, Bwana Mkubwa aliuliza nani anajua kuchimba kisima. Nikanyoosha mkono. Hakuna aliyenisukuma. Nikasema kwetu maji matamu yako chini ya mchanga, katikati ya mto. Mbwana alikuwa amekwisha kusema, "Sasa maji yamekufa, meli kubwa haziingii." Nilimsikia kwa masikio ya kwetu. Korongo likifa limekufa mpaka mvua za Desemba. Sikujua kwamba kwa watu wa pwani maji mafu ni maji yanayojaa kidogo. Yanajaa, dada. Kidogo tu, lakini yanajaa. Ningemwuliza swali moja angenieleza. Niliona haya kuuliza maana ya neno mbele ya watu.

Tulikwenda mimi na Zaidi, na jembe, ndoo na kamba. Nilichagua katikati kabisa. Zaidi aliukanyaga mchanga akasema umelowa mno kwa mto mfu. Nikamjibu, "Nani Mgogo hapa, mimi au wewe?" Akacheka, ingawa midomo ilikuwa imempasuka, akaingia. Mimi nikakaa juu nikivuta mchanga kwa ndoo. Shimo likampita kimo.

Kisha akaita kutoka chini, "Yamekuja!"

Unajua kwetu mtu akisema hivyo kutoka shimoni watu hufanya nini. Nilipiga ukelele, nikawapungia mikono watu wa bomani. Akaita tena, "Nikodemo, yamekuja." Nikacheka. Mara ya tatu sauti ilikuwa nyingine. Niligeuka nikaona mto umekwisha kuuzunguka ule mchanga wetu pande zote, na kwenye kona ya mto moshi wa manowari. Mzinga ukalia, tarumbeta ikalia. Maji yalinifika vifundoni. Kamba ilikuwa mkononi mwangu naye alikuwa ameishika upande wake. Nilisikia uzito wake.

Niliiachia nikakimbia.

Nilipotazama nyuma kutoka mlangoni, pale penye shimo palikuwa maji matupu yamelala.

Barua yako ya sheria ya korongo ilinifikia hapa kambini baadaye, na siku hiyo sikula. Wenzangu wanasema vita ndivyo vilivyomwua. Mimi najua nani alikaa juu ya shimo. Mwambie Mama naomba aniombee, ila usimwambie kwa nini.

Nikodemo


Mkonze, 17 Februari 1916

Mdogo wangu,

Barua yako haikufika mkononi mwangu.

Siku Yoramu alipokuja nilikuwa ng'ambo kwenye palizi. Mvua ilinyesha huko juu, korongo likashuka limejaa ghafla, nikakwama upande ule tangu asubuhi mpaka alasiri, naitazama nyumba yangu mwenyewe na siwezi kuifikia. Yoramu alimkuta Zaitun anasaga. Alikuwa na homa, hakuweza kungoja. Akamwuliza kama hii ndiyo nyumba ya Raheli, akampa.

Alisoma jina lako kwa nje. Akadhani atanifurahisha nikirudi nikute ameisoma yote mwenyewe.

Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno. Ninajua kwa sababu kidole kilikuwa na unga, na unga uko chini ya kila mstari mpaka kwenye jina lako. Penye neno "niliiachia" karatasi imechubuka.

Nilimkuta amekaa kwenye jiwe lile lile. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ijumaa ile ilikuwa mwezi nane Mfungo Mosi?" Nikamwambia mimi sijui miezi yao. Akahesabu kwa vidole, polepole, akarudia. Ndipo nikakumbuka maneno ya Shaaban. Eda yake ilikuwa imekwisha, Nikodemo. Ilikwisha siku ya pili ya Krismasi. Siku ile alikuwa amejipaka hina mikono na miguu, tukacheka sana hata jirani akaja kuuliza kama kuna harusi.

Akaniambia, "Dada, sina hata siku moja ya kumkalia. Zote nimezitumia kucheka." Na kucha zake zilikuwa bado nyekundu kwenye ncha. Nimemshika mpaka giza likaingia, na sijui kama alisikia kwamba nimemshika.

Nilitaka kukukasirikia, nikakosa pa kusimama. Nisikilize. Mama alifariki tarehe ishirini na saba Septemba, kikohozi. Tumemzika nyuma ya zizi, penye kivuli. Salamu zake zote tangu Oktoba nilizitunga mimi. Uliandika kwamba yeye ndiye anayekutembeza, nikaogopa ukisikia utakaa chini njiani usiinuke. Basi nawe umekosa siku zako za kumlilia kwa sababu yangu, kama Zaitun kwa sababu yako. Lile swali lake la mtu aliyesimama katikati ya mto aliuliza mpaka mwisho. Sikulituma tena.

Zaitun hakurudi Kondoa. Hajasema kama atarudi. Anachota maji, anasaga, anaswali. Garimoshi likipiga honi hainui kichwa, na mimi sasa ndiye ninayesimama mlangoni.

Leo nilipokaa kukuandikia ameniomba kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini. Sikumsaidia hata herufi moja.

Raheli


NIKODEMO

NIMESOMA MWENYEWE. USIMWANDIKIE RAHELI. NIANDIKIE MIMI.

JE, KABLA MTO HAUJARUDI, ZAIDI ALIPATA KUNYWA?